Nilikataa video ya harusi, kamati wakaniletea taa

Wakuu, salaam.

Ninayoandika hapa yamenikuta mwenyewe, na mke wangu kakaa pembeni anasoma kabla sijatuma. Kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi, sina nafasi.

Kuna mdau jana kauliza kama mpiga video wa harusi ni lazima au ni mbwembwe tu. Mkuu, hilo swali nami niliwahi kujiuliza.

Sisi tulioana enzi za kanda za VHS. Nilikuwa nimemaliza chuo, kazi ya maana sina, lakini hoja ninazo. Nilihoji kila kitu: keki ya nini, kadi za nini, kwa nini MC alipwe kwa kupiga kelele.

Video ndiyo ilinikera zaidi. Biashara huria ilikuwa imeruhusiwa, kamera zinaingia kama mitumba, na kila harusi Kilosa lazima iwe na kanda. Nikawa nauliza watu: umewahi kumwona nani anaangalia kanda ya harusi yake kwa hiari? Anawekewa mgeni, maana hana pa kukimbilia.

Neema, mchumba wangu, alikuwa na sababu moja. Mama yake alikuwa Kidete, aliteleza akitoka shambani akavunjika mguu. Mguu umefungwa plasta ngumu, ile P.O.P, treni hawezi kupanda.

"Sitaki video ya kuwaonyesha wageni," akaniambia. "Nataka mama aone."

Nikamjibu tutampelekea picha. Nikaongeza na nadharia kidogo, kwamba tukio halihitaji ushahidi ili liwe limetokea. Akanitazama tu. Wenye ndoa mnaujua huo mtazamo.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kamati, baba yangu mdogo, mstaafu wa reli.

"Msomi, bila taa ya video watu hawachezi," akasema. "Watakuja kuwatunza kama wamepanga foleni ya sukari enzi za duka la ushirika."

"Video sitaki, baba."

"Haya. Hutaki video. Nimekuelewa."

Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Yule mzee hajawahi kuelewa kitu haraka hivyo.

Siku ya siku, tunaingia tu ukumbini Mabwerebwere, taa kali ikatuwakia usoni. Jamaa mmoja kutoka Mikumi, mwenye studio pale barabarani karibu na gesti za madereva wa malori, yuko mbele yetu na kamera begani.

Nikapandwa na hasira. Nikageuka niseme neno, nikamwona Neema analia huku anacheka, anaipungia kamera mkono.

"Mama ataona," akaninong'oneza.



Na wakuu, ile taa inafanya kazi. Shangazi zangu, watu ambao hata kwaya wanaimba wamesimama kama nguzo za simu, walicheza hadi vilemba vikadondoka. Baba mdogo alikuja kututunza, akaondoka, akarudi tena amebadilisha koti.

Mimi je? Nilipopewa kipaza sauti niliwapa wageni ubavu, nikaikabili kamera. Nikaongea na mama mkwe. Nikamwambia hajapoteza binti, na mguu ukipona nitamfuata mwenyewe Kidete aje akae kwetu mpaka atuchoke. Maneno yalitoka sijui wapi. Hata MC alikuwa anajifuta macho.

Wiki iliyofuata nikaenda Mikumi kuchukua kanda.

"Kanda ipi, braza?" jamaa akaniuliza, kwa upole kabisa.

"Ya harusi yangu."

"Mzee aliniambia nije na kamera na taa. Kanda akasema nisiweke, bwana harusi hataki."

Nikarudi Kilosa nikiwa nachemka. Baba mdogo hata kitini hakuinuka.

"Ulisema hutaki video. Hukuwekewa video. Uliwekewa taa."



Tukapanda treni kwenda Kidete mikono mitupu, Neema amenuna tangu stesheni. Tulipofika tukakuta mama, habari za kamera zimeshamfikia, ameazima TV na deki kwa mwalimu, jenereta ya kanisa, na majirani wameshakaa kwenye mikeka.

Neema akamweleza. Mama akacheka mpaka akashika mguu wake kwa maumivu.

"Sasa mwenye maneno si huyu hapa? Naambiwa uliongea nami vizuri sana. Haya, ongea."

Nikasimama mbele ya TV iliyozimwa. Majirani wote macho kwangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Basi. Hakikuja kingine. Kidomo chote kile cha chuo, kimya.

Alinisubiri kwa adabu, kisha akasema, "Kaa ule. Siku ukipata taa, uje umalizie."

Mpaka leo nikienda Kidete, baada ya marahaba anauliza kama nimekuja na taa.

Kwa hiyo mdau, usijiulize nani ataiangalia hiyo video. Jiulize nani hatakuwepo ukumbini. Kama yupo mtu wako, mtafute mpiga video, na umwambie afungue kamera uione kanda kwa macho yako.

Mliooa bila video, nyumbani mlijitetea vipi? Na mwenye baba mdogo kama wangu ajitokeze, tufarijiane.

Mke wangu amemaliza kusoma. Hajasahihisha kitu. Ameuliza tu, lini nitaenda kumalizia.