Mwalimu Radi Apima Jua kwa Chungwa

Wanafunzi walimpachika jina la Radi, naye hakulichukia. Sauti yake ilipenya kuta. Akitaja kipenyo cha Jua darasani, hata mpishi wa shule alikikariri huko jikoni.

Kisha koo likamsaliti. Uvimbe ulitolewa hospitalini, akapona, lakini sauti haikurudi. Ukabaki mnong'ono, kama karatasi inayokunjwa.

Mkuu wa shule, mtu mpole, alimwita ofisini. "Mwalimu, nimekufikiria sana. Maktaba inahitaji mtu. Kule huna haja ya kupaza sauti."

"Nipe wiki hii," alinong'ona.

"Unasemaje?"

Ikabidi arudie mara ya pili. Alitoka pale machozi yakimlengalenga.

Nyumbani, mumewe mchomea vyuma alikuwa akinawa masizi. "Mama watoto, tangu unyamaze hata panya wamerudi kututembelea," alimtania. Alipoona hacheki, akaketi karibu yake. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wewe kazi yako ni hesabu. Koo lilikuwa koleo tu."

Kesho yake aliandika ubaoni: *Tunatoka nje.* Pale getini aliweka chungwa juu ya kigoda. Hilo ndilo Jua, na sentimita moja ni kilomita laki mbili. Wanafunzi wakakokotoa wenyewe, kisha wakapima kwa kamba na kujipanga mstari barabarani. Dunia, punje ya mchanga kiganjani mwa msichana mmoja, ilisimama mita saba na nusu kutoka kwenye chungwa. Mshtarii ikafika kwa fundi viatu, mita thelathini na tisa. Neptuni ikaenda hadi duka la dawa, mita mia mbili na ishirini na tano, na wauzaji wakatoka kushangaa.

"Mwalimu!" akapiga kelele aliyeshika Neptuni. "Huku chungwa silioni!"

Zamani angemjibu kwa ngurumo. Sasa alimnong'oneza aliyesimama karibu, naye akampa wa mbele yake, neno likaenda mdomo kwa mdomo: *Uko mbali mara thelathini kuliko Dunia. Mwanga unaokufikia ni kiasi gani?*

Halafu jibu likarudi kwa njia ile ile, likipita kwa fundi viatu, aliyelitia chumvi yake: "Mwanga hutawanyika kwa upana na kwa kimo: thelathini mara thelathini, mia tisa! Anapata sehemu moja tu ya mia tisa ya mwanga wa Dunia. Mwenzetu huyo ataganda!"

Barabara nzima ikaangua kicheko. Mkuu wa shule, aliyetoka kutazama ni fujo gani hiyo, alijikuta kwenye mstari kati ya Zohali na Uranusi, akipokea maneno na kuyapitisha kama mwanafunzi.

Habari ya maktaba haikutajwa tena. Radi alifundisha hadi kustaafu. Ukipita nje ya darasa lake ungedhani ni tupu, maana watoto hamsini walikaa wameinama mbele, wakimsikiliza.