Gitaa Lililosikika Ruangwa

Nakumbuka asubuhi moja, mjukuu wangu, nimesimama ndani ya duka la fundi redio pale Nachingwea, mkono wangu uko juu ya gitaa jipya na moyo unanidunda kama wa bwana harusi. Nakueleza haya kwa sababu mama yako ameniambia unahangaika. Anasema uwezo wako ni wa kununua kitu kimoja tu, gitaa zuri zaidi au amplifaya, na kwamba wiki nzima hata ugali huumalizi. Basi kaa hapa karibu. Swali hilo mimi nililikuta kabla mama yako hajazaliwa, na nilibakiza kidogo sana kulijibu vibaya.

Miaka ile wazungu waliokuja kulima karanga walikuwa wameshafunga virago, na vitu vyao vingi vilibaki Nachingwea vikiuzwa: vitanda vya chuma, taa, viti vya kukunja. Fundi redio alikuwa amechukua vitu viwili ambavyo wengine hawakujua wavifanyie nini. Kimoja ni hilo gitaa, rangi ya asali, linang'aa mpaka unajiona ndani yake. Cha pili ni amplifaya, sanduku zito la kijivu la kukuzia sauti, na spika yake na kipaza sauti chake, linalokula betri ya gari. Sura yake ilikuwa mbaya, nisikufiche. Sikuligeukia mara mbili.

Sisi tulikuwa vijana watatu wa Naipingo wenye bendi. Hassani alipiga tumba. Fransisi, ambaye wazazi wake Wamakua walitoka upande wa Msumbiji, aliimba, na koo lake lilikuwa la kumfikia mtu ng'ambo ya mto Mbwemkuru. Mimi nilipiga galatoni, gitaa kavu lisilo na umeme, kuukuu, ina ufa ubavuni nilioziba kwa nta, na waya mmoja niliuchomoa kwenye breki ya baiskeli. Ili tupate chombo cha maana tulilima shamba la ufuta la bendi, tukiliingia kila tunapomaliza kazi za nyumbani. Msimu mzima mgongo uliniuma, na msimu mzima niliota gitaa.

Tena nilikuwa na sababu. Mwaka uliotangulia tulialikwa Ruangwa kwenye harusi. Tulivaa mashati meupe, tukapanda lori, tukapiga nyimbo tatu mchana kweupe. Kufikia wimbo wa tatu wachezaji wote walikuwa wamehamia upande wa pili wa uwanja, kwenye ngoma za wazee. Akabaki bwana harusi peke yake, naye alibaki kwa adabu tu. Niliona aibu ambayo hata leo nikiitaja masikio yanapata moto. Sasa familia ile ile ilikuwa inamwoza mdogo wa bwana harusi yule, na kwa upole wao wakatuita tena. Fransisi alishasema wazi kwamba tukikimbiwa mara ya pili yeye anaacha muziki, na Hassani alikuwa ameanza kukubaliana naye. Bendi yetu ilikuwa inaning'inia kwenye harusi moja.

Kwa akili yangu, kosa lilikuwa la galatoni. Nikawashawishi wenzangu tununue gitaa, wakakubali. Ukweli mwingine ni kwamba nilishajiona nimelishika, wasichana wa Ruangwa wamenikodolea macho.

Lakini kwetu Wamwera, enzi hizo, kijana hanunui kitu kizito bila mjomba wake. Nikaenda dukani na Hassani pamoja na Mjomba Nangumbi, kaka wa mama yangu, mchonga ngoma. Mjomba alikuwa na desturi yake. Akishaiwamba ngoma na kuipasha moto, haipigi yeye. Humpa mtu mwingine aipige, kisha yeye huondoka taratibu mpaka mwisho wa uwanja, kule wanawake wanakopikia, akasimama akasikiliza. Akiisikia vizuri kule, ngoma inatoka. Asipoisikia, anarudi na kisu chake. Nilimwona akifanya hivyo tangu nanyonya, na haikunijia hata siku moja kwamba inanihusu. Yeye mtu wa ngoma, mimi mtu wa jazi. Ndivyo tulivyokuwa vijana wa wakati ule, tukivaa suruali ya kupigwa pasi tunadhani masikio ya watu nayo yamebadilika.

Nililipiga lile gitaa mbele yake, na kwa kweli lilikuwa tamu. Mjomba akatikisa kichwa kukubali. Kisha akamwambia fundi, "Tunaomba walipige hapo barazani kidogo." Akanigeukia. "Mpe Hassani. Wewe njoo na mimi."

Nilimpa Hassani kwa shingo upande. Tukatembea kuelekea sokoni, mjomba mbele, mimi nyuma nikigeuka kila hatua kuangalia asilikwaruze. Tulipita wauza chumvi, tukapita wauza mikeka, tukafika kwa dada mmoja anayechoma mihogo.

"Dada," mjomba akamwuliza, "hilo gitaa linalopigwa pale dukani unalionaje?"

"Gitaa lipi, baba?"

Akatuuzia mihogo, akaendelea na moto wake. Mimi nilitega sikio mpaka shingo ikakaza. Niliuona mkono wa Hassani unapanda na kushuka, na sikusikia kitu.

"Mpwa wangu," mjomba akasema, bila kupandisha sauti, "watu wa Ruangwa hawakulikataa gitaa lako. Hawakulisikia. Wewe unalisikia kwa sababu umelikumbatia kifuani. Unataka kununua jingine la kulisikia peke yako. Haya, amua mwenyewe."

Ilinichoma, mwanangu. Nilikula muhogo ule hata ladha yake siijui. Nilimkasirikia mjomba, nikamkasirikia na dada wa watu asiye na kosa. Halafu nikarudi dukani, nikamwomba fundi awashe lile sanduku.

Galatoni yangu nilikuwa nimekuja nayo, nia yangu niiweke pembeni ya gitaa jipya nipate kuidharau vizuri. Fundi akasogeza kipaza sauti karibu na tundu lake. Nikapiga kama nilivyozoea, na spika ikatoa mkwaruzo uliowatoa wenye maduka nje. Hassani akacheka mpaka akakaa chini. Fundi akanishika mkono. "Polepole, bwana. Sasa huna haja ya kupigana nalo."

Nikapiga kwa ncha za vidole. Hapo ndipo nilipoijua galatoni yangu, miaka mitatu baada ya kuwa nayo. Mkwaruzo niliokuwa nikiulaumu kwa waya wa breki na kwa ule ufa ulikuwa wa mkono wangu. Kwa kutaka kusikika nilikuwa naichapa kama mtu anayefukuza nyani shambani. Ilipoguswa kwa upole ikaimba, na ng'ambo kule nikamwona dada wa mihogo amesimama, kipepeo cha moto mkononi, anatafuta sauti inatoka wapi. Amplifaya ikapanda lori pamoja nasi.

Ruangwa walitupokea kwa mashaka, na wazee walikuwa tayari na ngoma zao. Tulianza taratibu. Wimbo wa kwanza watu walitazama sanduku. Wa pili wakacheza. Wa tatu nikaona wapishi wanakuja kutoka jikoni, mmoja bado ameshika mwiko, na nyuma yao wazee wenyewe wamekaa juu ya ngoma zao wakitikisa mabega. Fransisi akanitazama huku machozi yanamtoka, akaendelea kuimba. Tulipiga mpaka betri ikaisha nguvu, na hata hapo walitaka tuendelee. Nimeishi miaka mingi na nimepata mambo mengi ya kujivunia, lakini jioni ile nilitembea Ruangwa kama niliyeijenga. Mjomba, aliyekuja nasi na kusimama mwisho wa uwanja, alinisogelea akaniambia neno moja tu, "Nimesikia," akaenda zake kula.

Gitaa la maana nililinunua misimu miwili baadaye, na nilipolishika mikono yangu ilikuwa imeshajifunza adabu. Ningelipata mapema ningelichapa nalo.

Kwa hiyo, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Usinunue bado. Mpe mwenzako gitaa lako alipige, wewe ondoka uende ukasimame mbali, mahali anaposimama mtu asiyekujua wala asiyekupenda. Usipolisikia, nunua amplifaya, na vidole vyako uvitulize. Ukilisikia vizuri na bado unaona limekuishia uwezo, basi nunua gitaa kwa moyo mweupe. Na fanya hivyo hivyo kwa kila kazi utakayoishika, iwe ya nyimbo, ya shamba au ya kulea watoto.

Mwenyezi Mungu aibariki mikono yako na kukujalia wenzako wa kulima nao. Akupe na mtu wa kukutoa pale ulipojikumbatia, akupeleke mbali, akuache usikilize.