Kahawa Iliyomruka Mushuti

Mtu fulani alifungua kifurushi cha akamwani katika maktaba ya chuo, na harufu ya ile kahawa yetu ya kutafuna, iliyochemshwa na majani hadi ikawa nyeusi, ikanirudisha kijijini kwetu Kanazi kabla sijamaliza ukurasa. Nilikuwa nikisoma habari za Wachina wa kale. Walijiona wako katikati, wakawapa majirani wa kila upande jina: Yi mashariki, Rong magharibi, Man kusini, Di kaskazini. Man liliandikwa kwa alama ya mdudu, Di kwa alama ya mbwa. Wasomi bado wanabishana kama yalikuwa matusi tangu mwanzo.

Sisi tulikuwa na Mushuti. Ndivyo tulivyowaita vibarua waliotoka Burundi kuja kutulimia, na wetu aliishi katika kibanja chetu tangu kabla sijazaliwa. Ndiye aliyenifundisha kupiga mluzi.

Wakati wa vijiji vya ujamaa, katibu mmoja, mgeni kwetu, alikuja nyumbani kuandikisha watakaogawiwa mashamba katika kijiji kipya cha Ngenge. Mushuti alitaka shamba lake mwenyewe. Wiki nzima hakuzungumza kingine. Siku hiyo alivaa shati kuukuu la Tata, baba yangu, akaketi pembeni, kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni. Nilipitisha kikapu cha akamwani kama nilivyofundishwa: mgeni, wazee, majirani. Yeye nikamruka, kama siku zote.

"Na huyu ni wa hapa?" katibu aliuliza.

"Wa hapa kabisa, ndugu katibu," Tata alijibu.

"Mbona kahawa imempita juu kama ndege?"

Wazee wakacheka. "Huyo si wa kahawa," jirani mmoja akasema, "huyo ni Mushuti!" Tata naye akacheka. Katibu akafunika kalamu yake bila kumwandika.

"Haidhuru, waitu," alisema Mushuti kwa adabu ya kwetu, ingawa hakuna aliyemwuliza.

Kesho yake aliondoka na jembe lake begani. Sikulia. Nilikwenda kuteka maji.

Likizo iliyopita nilimwuliza Tata jina hasa la Mushuti.

"Tulimwita Mushuti, akaitika. Ulitaka tumwite nani?"

Wasomi na waendelee na mbwa wao. Kwa miaka mingi nilimlaumu katibu, na hata kumdharau. Lakini yeye alifuata alichokiona, na alichokiona ni mkono wangu.