Nilijaza Namba za Mapafu Ambayo Sikuyapima

Makosa ni yangu. Sitasingizia kazi nyingi, kwa sababu siku hiyo hata foleni haikuwa ndefu.

Mimi hupima wagonjwa kwa mashine ya altrasaundi katika kliniki moja ya Ruiru. Wenye ugonjwa wa moyo huletwa kwangu niangalie kama wana maji kwenye mapafu. Yakiwepo, kioo huonyesha mistari myeupe inayoteremka. Nahesabu mistari hiyo sehemu nane za kifua, mbele na ubavuni, najaza fomu. Daktari akiona hizo namba ndipo anaamua vidonge vya kutoa maji viongezwe au vipunguzwe.

Kulikuwa na mzee aliyekuja kila wiki kutoka Thika na mke wake. Mtu wa Bungoma, mpole, amestaafu kutoka kiwanda cha matunda. Mapafu yake yalikuwa yanakauka vizuri.

Ijumaa hiyo nilitaka kutoka mapema. Kesho yake ilikuwa ruracio ya dada yangu, wakwe wanakuja nyumbani kuleta mahari, na mimi sijasuka nywele. Nilimpima mzee sehemu mbili za mbele tu. Zilikuwa safi. Nikampa karatasi ajifute jeli.

"Leo umemaliza haraka, daktari," akasema.

"Unaendelea poa, baba. Vaa shati."

"Lakini siku hizi nikilala chali pumzi inakata. Nalala nimeketi."

"Hiyo utamwambia daktari mwenyewe ukiingia kwake."

Alipotoka, sehemu sita zilizobaki nilinakili namba za wiki iliyotangulia.

Daktari alisoma fomu, akapunguza vidonge ili figo zipumzike.

Jumatatu yule mama, mke wake, alikuja peke yake. Mzee alizidiwa Jumapili asubuhi wakijiandaa kwenda kanisani. Alikuwa anakohoa povu, akafa kabla hawajafika hospitali.

"Binti yangu, skani ilisema mapafu yake yako sawa," mama aliniuliza. "Sasa ni nini ilimuua?"

"Alimwambia daktari kuhusu kulala ameketi?"

"Alikataa. Alisema mashine imeona amepona, asionekane wa kulalamika."

Hapo ningesema. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Nikamwambia ni mapenzi ya Mungu, mama, na yeye akanishika mikono akanishukuru kwa vile nilivyomtunza mzee wake.

Daktari naye alijilaumu. Alirudia ile fomu mara nyingi akitafuta alikosea wapi, na mimi nimesimama hapo hapo. Baadaye aliacha kliniki ya moyo kabisa. Aliniambia hajiamini tena.

Nimekaa na hii siri mwaka mzima. Sasa napima kila mtu sehemu zote, tena narudia, na wenzangu wananisifu kwa umakini. Sifa hizo zinanichoma. Nimeandika barua ya kukiri mara tatu nikachana. Naogopa kufutwa kazi, naogopa jela, na zaidi naogopa uso wa yule mama. Sioni siku nitakayopata nguvu.

Wewe unayepima watu, hata kama ni presha tu, nakusihi. Kama hujapima, acha nafasi tupu. Daktari angeona sehemu sita hazijaandikwa, angemrudisha mzee kwangu, na mzee alikuwa bado ameketi pale nje akifunga kamba za viatu.