Fundi Aliyefufua Cherehani Yangu Bila Kuigusa

Kuna mwanaume alikaa nje ya dirisha langu karibu miezi miwili, akanifundisha kazi inayonilisha mpaka leo, na muda wote huo sikuuona uso wake.

Yeye naye hakuuona wangu.

Kabla hujaanza kuwaza vibaya, tulia. Nilikuwa nimekaa eda.

Naitwa Zamzam, mtoto wa Kilwa, mkazi wa Ilala. Mume wangu Mbaruku alikuwa mbeba mizigo Kariakoo, mtu wa mabega mapana na maneno machache. Mimi nilikuwa nashona madera kwenye cherehani nyeusi ya kukanyaga niliyoachiwa na mama.

Mbaruku alikuwa na ndoto yake moja. Kila siku alikuwa anaona mabegi ya mizigo yanachanika, maturubai yanachanika, na hakuna wa kuyashona, kwa sababu cherehani za nyumbani zinavunja sindano.

Siku moja akanipeleka yadi moja ya vitu chakavu. Katikati ya mafriji yaliyokufa palikuwa na cherehani ya kiwandani, kichwa cha chuma kizima kizima, meza yake, mota imening'inia chini.

Muuzaji akazungusha gurudumu kwa kidole kimoja. Likazunguka laini kabisa.

"Hii ni nzima, dada. Inataka umeme tu."

Tukaichukua. Juu ya hela tukatoa na ile nyeusi ya mama. Ndiyo, usiniulize.

Tulipofika nyumbani tukachomeka umeme. Mota ikaunguruma, gurudumu likazunguka vizuri, sindano ikatulia tuli kama haijaambiwa kitu.

Kumbe skrubu za gurudumu zilikuwa zimelegezwa makusudi, linazunguka lenyewe. Mbaruku alipozikaza, mashine nzima ikagoma. Mkanda ukatoa moshi.

Tulipigwa, tena mchana kweupe.

Mbaruku hakunilaumu. Alisema atatafuta fundi. Siku tisa baadaye, akiwa kazini, aliweka mzigo chini, akakaa juu yake, hakuinuka tena.

Sitaeleza zaidi hapo. Siwezi.

Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Hutoki, hujipambi, hukai na wanaume wasio maharimu wako, yaani wale wanaoweza kukuoa. Chumba changu kimoja, kitanda upande huu, upande ule lile dude la chuma limejaa mpaka dirishani. Nikilala naliona. Nikiamka naliona. Nikitaka kuswali nageuka ubavu kulipita.

Nilikuwa nalichukia, wallahi. Nilikuwa nalipiga teke.

Mwezi wa pili ukiwa umekatika akaja shemeji yangu Nassibu, kaka yake Mbaruku. Akasimama koridoni, mimi nyuma ya pazia. Akasema familia imekaa. Nikitoka eda chumba kinarudishwa kwa mwenye nyumba, lile chuma linaenda kwa watu wa chuma chakavu, na mimi narudi Kilwa kwa kaka zangu.

"Mjini utakula nini, shemeji?" akaniuliza.

Hakuniuliza kwa ubaya. Hilo ndilo lililoniuma.

Kilwa nilikotoka najua ninachorudia. Ni jiko la mke wa kaka, kulea watoto wa watu, na kusubiri mzee fulani apeleke posa. Nililia mpaka pazia likaloa.

Aliyeniokoa ni wifi yangu Tatu, dada yao Mbaruku na Nassibu. Tatu ana meza ya vifungo na nyuzi Kariakoo, na mdomo wake hauna breki. Alinisikiliza, kisha akauliza, je, ikishona, Nassibu atasema nini?

Nikamwambia fundi hawezi kuingia humu, na mimi siwezi kutoka. Dude lenyewe kulitoa ni kazi ya watu wanne.

Tatu akasema ngoja.

Kesho yake baada ya alasiri nikasikia kigoda kinawekwa uchochoroni, chini ya dirisha langu. Kukohoa. Halafu sauti nzito ya mtu mzima.

"Hodi mama. Mimi Fundi Beno."

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Pole kwa msiba. Wewe utakuwa mikono, mimi nitakuwa masikio. Chomoa umeme kwanza."

Dirisha lina nondo na pazia zito. Nilikuwa naisikia sauti yake tu, na yeye alikuwa anasikia chuma.

Akaniambia nilaze kichwa cha mashine kwa nyuma. Nikakiinua, kikakubali, na chini yake nikaona vitu sijawahi kuviona maishani. Vyuma, vijiti, kutu, na uchafu wa miaka.

"Usiogope," akasema. "Umewahi kupasua samaki? Basi."

Siku tatu tulinyunyiza mafuta ya taa kila kiungo, tukaacha yanywe. Siku ya nne akaniambia nizungushe gurudumu taratibu, asikie. Likagoma.

"Kuna kitu kinasugua upande wa bobini, kule kwa uzi wa chini. Choma sindano humo nyuma, vuta."

Nikavuta uzi mweusi uliojisokota ukawa mgumu kama kamba ya kiatu. Nilichokonoa siku mbili nzima. Ulipotoka kipande cha mwisho, gurudumu likazunguka, na safari hii sindano ikapanda na kushuka.

Nilipiga kigelegele. Halafu nikakumbuka nina eda, nikajiziba mdomo.

Fundi alikuwa na vituko vyake. Kwanza, mkali. Nikikosea kushoto na kulia ananiuliza kama mkono wa kulia ni huu wa kulia chakula au kuna mwingine. Pili, kila siku Tatu alimpelekea chai ya tangawizi kutoka kwangu, na kila siku kikombe kilirudi kimejaa, chai imepoa.

Nikajua haipendi chai yangu. Nikaongeza sukari. Ikarudi. Nikapunguza tangawizi. Ikarudi.

Kituko cha tatu ndicho kilinishangaza zaidi. Siku moja nilichoka kuelezea kichuma fulani kwa maneno, nikamwambia nimpitishie kwenye nondo akiangalie mwenyewe.

"Hapana," akasema haraka. "Mwenye eda hampi mwanaume kitu mkono kwa mkono."

"Fundi, hiyo sheria mbona sijawahi kuisikia?"

"Basi umeisikia leo."

Nilicheka peke yangu. Tatu alishaniambia ni mtu wa Masasi, kabatizwa, Jumapili yuko kanisani, lakini eda anaijua kunizidi mimi niliyemo ndani yake.

Zikabaki siku tisa. Mashine inakwenda, mota haina kelele, mkanda mpya Tatu kaleta. Beno akasikiliza, akasema hiyo sasa ni nzima.

Nikatunga uzi, nikaweka kitambaa, nikakanyaga.

Haikushona.

Sindano inatoboa, uzi haukamatwi hata mara moja. Inaacha matundu matupu kwenye kitambaa, mstari mzima.

Tukarudi mwanzo. Akanielekeza kulegeza, kusogeza, kukaza, kujaribu. Haikushona. Zikabaki siku saba, zikabaki tano. Nassibu akatuma salamu kwamba ameshazungumza na watu wa mkokoteni.

Kile chumba kilinibana jamani.  Siku tatu kabla ya kutoka nilikaa sakafuni nikamwambia fundi aende zake tu, tumeshindwa, mimi wa Kilwa.

Nikasikia kigoda kinasogezwa. Nikadhani ameondoka kweli.

"Mama Zamzam," akasema polepole. "Sindano umeiweka vipi?"

"Kama kawaida."

"Kawaida ipi?"

"Ya siku zote, fundi. Kama cherehani ya mama."

Nikamsikia anashusha pumzi ndefu.

Ile nyeusi ya nyumbani, ule mfereji mrefu wa sindano unaangalia kulia, na uzi unatungwa kutoka kulia. Sindano yenyewe ina ubavu bapa, ukikosea haiingii. Ya kiwandani mfereji unaangalia kushoto, na shina lake ni la duara, inakubali upande wowote utakaoiweka. Hainung'uniki. Ila haishoni.

"Siku zote hizi sikukuuliza," akasema, "kwa sababu hicho ni kitu ambacho mkono wa fundi unafanya wenyewe, bila hata kufikiri."

Nikageuza sindano. Nikatunga upya. Nikachukua kipande cha begi la Mbaruku la mizigo, turubai gumu, nikalikunja mara nne.

Nikakanyaga.

Ilishona. Mshono umenyooka, umekaza, umeingia kwenye turubai kama unashona kitenge. Nililia huku nakanyaga, nikashona mpaka turubai likaisha.  Nje ya dirisha nilimsikia fundi anavuta kamasi.

Siku ya kutoka eda nikaoga, nikavaa, nikafungua mlango. Saa nne Nassibu akafika na mkokoteni na vijana wawili. Aliponiona nimekaa kwenye cherehani akaniambia kwa upole niinuke, watu waibebe.

Sikubishana naye. Nikakanyaga.

Mvuta mkokoteni mmoja akasogea, akauliza kama hiyo inaweza kushona turubai. Nikamwambia inaweza. Akavua pedi ya begani, ile wanayowekea kamba ya kuvutia, imechanika pande zote. Nikaishona papo hapo, akaivaa, akaijaribu, akamwita mwenzake.

Nassibu akaupapasa ule mshono kwa kidole. Halafu akasema, "Kaka angefurahi." Akaondoka na mkokoteni mtupu.

Siku ya pili nikaenda Kariakoo kumshukuru fundi. Nilikuwa nimemshonea shati zuri, vifungo sita vya mbao kutoka meza ya Tatu. Nilimkuta nyuma ya meza hiyohiyo, mzee mwembamba mwenye mvi, amekalia mikono yake yote miwili.

Nikamwamkia. Akaijua sauti, akacheka.

Nikamnyooshea shati. Hakupokea.

"Weka hapo mezani, mama."

Nikaona dharau. Nikaendelea kuushikilia mzigo wangu mbele yake, na mimi nina kichwa kigumu. Tatu akaangalia pembeni.

Basi mzee akatoa mikono.

Ilikuwa inatetemeka. Si kidogo. Ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba shati lilipofika mikononi mwake nalo likaanza kutikisika, na vifungo vikawa vinagongana.

"Mwaka wa tano huu," akasema. "Mafundi wenzangu hawanipi hata skrubu nishike. Tatu aliponiambia kuna mjane hawezi kutoka, na fundi haruhusiwi kuingia, nikaona mjini hapa hiyo ndiyo kazi pekee inayonifaa."

Nikakumbuka ile sheria yake ya mkono kwa mkono. Nikakumbuka vikombe vyote vilivyorudi vimejaa. Mtu aliona aibu kumwaga chai mbele ya wapita njia, na mimi nilikuwa nahangaika na sukari.

Nilijiona nimefungwa peke yangu mji mzima. Kumbe nje ya dirisha langu alikuwa amekaa mtu aliyefungwa muda mrefu kuliko mimi, na yeye hana siku ya kutoka.

Shati nilirudi nalo. Nikang'oa vifungo vyote sita, nikalishona mbele liwe la kupitisha kichwani tu, bila kufunga kitu. Analivaa Jumapili.

Kigoda chake sasa kiko ndani, pembeni ya cherehani. Watu wanaleta mashine zao mbovu, yeye anasikiliza, mimi nafungua. Ananikaripia vilevile. Chai namwekea kwenye chupa yenye mrija, na inaisha.

Ninachotaka uondoke nacho ni kidogo tu. Mtu akikusaidia, usiishie kufurahia ulichopata. Angalia na kikombe chake. Kikirudi kimejaa mara ya pili, acha kuongeza sukari, muulize.