Maji ya Mgeni

Harufu ya mvua ya kwanza ikigusa vumbi la mtaa wetu wa Mtendeni watu wengi huisifu. Mimi hufunga dirisha. Utotoni mwangu harufu hiyo haikuja peke yake. Ilichanganyika na ya vyoo vya shimo, maana nyumba zetu zilibanana, na kila uani palikuwa na choo upande huu na kisima upande ule, vikitazamana kama mawifi waliogombana. Kiangazi viliishi kwa amani. Mvua zikishuka, vya chooni vilihamia kisimani bila kubisha hodi, nasi tuliendelea kuteka.

Mwaka huo nilikuwa darasa la sita, dawati moja na jirani yangu Zuhura. Mwalimu wetu wa sayansi alianzisha kikundi cha kupima maji ya visima vya mitaa yetu. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi: unatia maji kwenye kichupa chenye dawa, unakipanga dirishani mwa darasa, unangoja. Maji yakigeuka meusi, ujue kinyesi kimeingia. Kisha kila kisima tulikitia alama kwenye ramani tuliyoichora wenyewe juu ya karatasi ya manila, nyekundu kwa kibaya, kijani kwa kizuri. Tuliambiwa mtaa wenye alama nyekundu nyingi ndio utakaoletewa bomba kwanza. Basi tuliringa! Tulitembea na vichupa vyetu kama manesi.

Kilichotuponza ni adabu. Mwalimu alisema si vizuri kuvamia uwanja wa mtu, kwa hiyo tulipita siku moja kabla kutoa taarifa. Sasa, mji wetu ulikua kwa kupokea misafara ya kutoka pwani na ya kutoka bara, na mpaka leo mtu wa hapa anaweza kulala njaa na mgeni wake asijue. Asubuhi ya kupima nilikutana na Zuhura akirudi kutoka mtaa wa Kanyenye na ndoo ya maji ya bomba kichwani, shingo imemkaza. Tulipofika kwao, mama yake, mwanamke wa Kisukuma mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili, alikuwa ameshafagia uwanja na kutandika mkeka, na mtungi umejaa.

“Shikamoo, mama,” tulisema kwa pamoja.

“Marahaba, wanangu. Karibuni, watani zangu! Ninyi Wanyamwezi mmezoea kunywa tope, leo mtaonja maji.”

Tulicheka. Mwalimu akauliza kwa upole kama tungeweza kuteka wenyewe kisimani.

“Mgeni ateke maji kwangu?” Mama Zuhura alishika kiuno. “Mwalimu, unataka majirani wanicheke?”

Akatujazia vichupa kwa kata, kutoka mtungini. Mwalimu aliamini mtungi umejazwa kisimani. Mimi nilidhani ule ni ukarimu tu. Zuhura alitazama vidole vya miguu yake. Alijua, lakini mtoto wa mtaa wetu asingethubutu kumwumbua mama yake mbele ya wageni. Nyumba baada ya nyumba ikawa hivyo hivyo, mikeka, mitungi na tabasamu. Vichupa vyetu vilikaa dirishani na maji yake yakabaki maangavu, na mtaa wetu mzima ukapakwa kijani. Bomba likaenda mtaa wa wapangaji, ambako hakuna aliyekuwa na nafasi ya kutupokea, tukajitekea wenyewe.

Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa. Zuhura alianza kuharisha akiwa shuleni, akaondoka ameshika tumbo, na sikumwona tena akiwa amesimama. Hospitali walimtundikia dripu, lakini mwili ulikuwa umeshakauka. Tulimzika alasiri, kaburi likitoa maji chini. Msibani mama yake alikaa kwenye jamvi bila chozi, na kila aliyeingia alimsikia akiuliza, “Wageni wamepata maji?” Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi tulikwenda, na mwenyeji hakupona. Baadaye mwalimu alirudi, akateka maji ya kisima kile kwa mkono wake, na kichupa kikageuka cheusi kama masizi. Niliichukia ramani ile. Niliichukia hata rangi ya kijani.

Leo naishi katika nyumba ile ile ya wazazi wangu. Bomba lilitufikia hatimaye, ila hukauka kwa majuma, nasi hurudi kisimani. Mwezi uliopita walikuja wanafunzi wa chuo, wenye simu zinazoweka kila kisima kwenye ramani papo hapo. Msichana mmoja aliingia kwangu amenuna. Bibi wa nyumba ya jirani, alisema, hakumpa hata kiti, alimsukumia ndoo na kamba, akamwambia, “Teka mwenyewe.” Mtaani wanasema bibi huyo, Mama Zuhura, ni mkali, hajui kukaribisha watu. Hawakukisikia kile kicheko. Nilimvutia msichana yule kiti.

Mezani palikuwa na jagi la maji ya kununua, ninayowawekea wageni. Aliliona, akafungua kichupa chake.

“Haya yanatosha, dada, usijisumbue.”

Nililiziba jagi kwa kiganja.

“Hayo ni ya mgeni,” nikamwambia. “Twende nikuoneshe yetu.”