Ugoro wa Guka na Chawa wa Kairu

Kuku anayelalia mayai ana harufu yake. Ni manyoya yaliyopata joto, majani makavu, na kitu kingine kama unga uliokaa sana ndani ya gunia. Ukishaisikia hutaisahau. Lakini kwangu mimi hiyo harufu imechanganyika na ugoro, na haitaki kuachana nao. Hata leo nikipita karibu na mzee anayevuta ugoro sokoni, wengine wanapiga chafya, mimi naona kuku.

Hiyo ni kazi ya Kairu. Kairu alikuwa kuku wangu, mweusi tii, mdogo wa mwili lakini mwenye maneno mengi. Mama alinipa yeye siku aliyonileta kukaa na guka na cucu, ndio babu na nyanya, kule chini kwenye joto karibu na Ishiara. Mama alikuwa amejifungua mapacha na mikono yake haikutosha kubeba na mimi. Akaniambia, chukua huyu, ndio usikae peke yako. Nikamshika kwa kiondo kichwa kikiwa nje, na tangu siku hiyo kitu cha kwetu nilichokuwa nacho huko ni yeye tu. Nikimwona anakwaruza uwanja wa cucu, nilikuwa naona mama hayuko mbali sana.

Sasa cucu alikuwa mtu mzuri, lakini kwa mambo ya kuku hakuwa na mchezo. Kuku akiacha mayai mara ya kwanza anasamehewa, wanasema ni ujana. Akiacha tena, anaingia sufuria. Kairu alikuwa ameshaacha mara moja. Tukampatia mayai mengine kwa kikapu cha zamani pale pembeni ya jikoni, karibu na moto, na cucu akaniambia bila kuficha kwamba wamama wa kanisa watakuja kwa maombi ndengu zikishaisha kuvunwa, na kama huyu wangu atasimama tena, basi wamama watapata supu. Alisema hivyo huku anamwangalia Kairu, na naapa Kairu alielewa, kwa sababu alijibana kabisa kwa kikapu.

Akakaa vizuri, mimi nafurahi, nampelekea mtama mpaka mdomoni. Halafu akaanza kusumbuka. Anainuka, anajidonoa chini ya bawa, anarudi, anainuka tena. Siku moja nikamnyanyua nione kuna nini, nikapuliza manyoya ya chini ya mkia. Wee! Walikuwa wanakimbia kama watu waliofunuliwa nyumba. Chawa wadogo, bapa, rangi ya majani makavu, na mayai yao yamegandana pale manyoya yanapoanzia kama uji uliokaukia sufuria. Kabla nimrudishe, wengine walikuwa wamepanda mkono wangu wanaelekea shingoni. Hawakuniuma, ukweli niseme, lakini kule kutembea kwao! Jumapili kanisani mama mmoja akamtoa mmoja kwa kola ya nguo yangu, akamwangalia vizuri kwa mwanga wa dirisha, kisha akasogea mpaka mwisho wa benchi pamoja na mtoto wake. Nikakaa na benchi karibu yote kama chifu.

Dawa kila mtu aliijua, ni jivu. Unamshika kuku, unampaka jivu la jikoni kila mahali, unamwaga na ndani ya kikapu. Lakini huu ulikuwa wakati wa ndengu. Kwetu jivu la msimu huo lilikuwa na mwenyewe. Cucu alikuwa analichekecha linakuwa laini kama poda, analichanganya na mbegu ndani ya vibuyu ili wadudu wasitoboe, na kila asubuhi alikuwa anafagia mafiga mpaka udongo unang'aa. Nikamwomba kidogo tu, la kujaza kiganja. Hakunikasirikia, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

"Kairu akishindwa tutapata kuku mwingine," akasema. "Mbegu ikitobolewa, mvua ikija utapanda nini, manyoya?"

Alikuwa anasema kweli. Vibuyu vile ndivyo vilikuwa chakula chetu cha mwaka unaokuja.

Kesho yake wakati wa mchana nikakuta Kairu amesimama kabisa nje ya kikapu, manyoya yamesimama, anajidonoa kama mwenye wazimu. Nikagusa mayai, yanaanza kupoa. Nikavua sweta nikayafunika, halafu nikakaa chini nikalia, sio kwa sauti, ile ya pua tu. Guka akanikuta hivyo. Yeye hakuwa mtu wa kuingia jikoni, wazee wa kwetu hawakukaa jikoni ya wanawake. Alikuja tu kuangalia majani yake ya tumbaku yaliyokuwa yanakauka juu ya moto, akitaka kurudi zake kwa kivuli.

Lazima nikwambie kuhusu guka na ugoro. Alipanda tumbaku yake mwenyewe, akasaga mwenyewe, akatia magadi na mafuta kidogo, akaweka ndani ya pembe ndogo iliyoning'inia shingoni. Hiyo pembe hakuna aliyeishika. Ndugu yake alikuwa anakuja kutoka Siakago anakaa mchana mzima akipangusa pua na kusifu ng'ombe, na guka anamwitikia vizuri sana na pembe haifunguki.

Akaniuliza nalilia nini. Nikamwonyesha. Akamshika Kairu, akapuliza manyoya kama nilivyofanya, akatazama, akasema, "Hawa wamejenga." Akaangalia mafiga yaliyofagiwa. Akaangalia majani yake ya juu ya moto, bado mabichi. Halafu akaishika pembe yake, akaitikisa sikioni kusikia imebaki kiasi gani.

"Mshike miguu," akasema.

Akafungua pembe, akammwagia Kairu ugoro. Chini ya mabawa, shingoni, pale mkiani, anasugua kwa vidole vyake vikubwa polepole kama anayempaka mtoto mafuta. Kairu akapiga chafya. Mimi nikapiga chafya. Guka, ambaye alivuta ugoro maisha yake yote, naye akapiga chafya. Kilichobaki akakigonga chote ndani ya kikapu, na tulipoinua macho cucu alikuwa amesimama mlangoni na ungo wake.

"Ndugu yako umemnyima mpaka amezeeka," akasema. "Kuku ndiye unampa."

"Ndugu yangu hana chawa," akasema guka.

Kairu akarudi kwa mayai, akatulia. Sasa guka ndiye akawa wa kusumbuka. Hakukuwa na ugoro mwingine mpaka yale majani yakauke, na kuomba kwa watu hangeweza, angeombaje? Alizungukazunguka uwanja, akagombana na mbuzi. Halafu jioni moja akaingia jikoni, akavuta kigoda, akakaa karibu na kikapu cha Kairu. Mzee mzima. Akainama taratibu, akaweka pua pale mgongoni kwa kuku, akavuta pumzi ndefu. Cucu alikuwa anakoroga uji, mabega yanatikisika, hakugeuka. Akamuuliza anatafuta nini huko.

"Nasikiliza mayai," guka akajibu.

Basi akawa ni wa kuja. Asubuhi anasikiliza mayai, jioni anasikiliza mayai. Kairu akamzoea, akaacha hata kumdonoa masikio. Na kwa sababu alikuwa ameinama pale kila wakati, yeye ndiye aliyesikia wa kwanza. Aliniita kwa kidole bila kuongea, akaniinamisha kichwa, na ndani ya yai nikasikia mtu anabisha. Wamama wa kanisa walipokuja walikula ndengu na chapati, na vifaranga walikuwa wanapita katikati ya miguu yao wakinuka ugoro. Mama mmoja alipiga chafya kwenye maombi, cucu akasema ni baraka.

Siku hizi nakaa na mjukuu wangu Makena, Meru mjini, huku Kinoru. Ana kuku wake nyuma ya nyumba, na wiki iliyopita akaona chawa. Hakulia yeye. Alienda duka la dawa za mifugo, akarudi na poda kwa kopo. Akanieleza amesoma kwa simu kwamba hao hawanyonyi damu, wanatafuna manyoya na ngozi iliyokufa, na ya kwamba kwa mtu hawawezi kuishi. Nikafurahi sana. Miaka yote hiyo, kumbe yule mama hakuwa na haja ya kunihama benchi. Akampaka kuku dakika moja tu, kwisha, na hiyo dawa inafanya kazi kushinda jivu na ugoro, siwezi kudanganya.

Alipoingia ndani kunawa mikono nikavuta kiti changu mpaka kwa banda. Nikainama, na magoti yangu siku hizi yanalia, nikaweka pua pale mgongoni kwa kuku. Manyoya, joto, majani makavu. Ugoro hakuna. Nikavuta tena, labda niko mbali.

"Shosho, unatafuta nini huko?" Makena akaniuliza kutoka mlangoni.

Nikamwambia nasikiliza mayai.